Gunia la Elfu Nne, Gorogoro ya Ngoliba

Nina kinu cha kusaga mahindi hapa Ngoliba, na ekari moja na nusu upande wa kuteremkia Mto Athi. Mambo ya bei nimeyajulia kinuni. Shamba limenifundisha subira tu. Mwezi wa pili, mahindi ya mvua ya mwere, ile ya Oktoba, yakishavunwa, mtu huja na debe lake, anasaga huku akipiga hadithi, anasema broka amebeba magunia manne kwa bei ya kuonea lakini angalau karo imelipwa. Mwezi wa tano au wa sita mtu yuleyule anarudi na mfuko mtupu. Ananunua kwangu gorogoro mbili za mahindi yaliyotoka Kitale, au yaliyopitia Namanga kutoka Tanzania, kisha ananilipa tena nimsagie. Alikuwa muuzaji, sasa ni mnunuzi, na shamba lake liko palepale.

Wanaopanga bei Nairobi wanamwita mkulima, basi. Kila wanapotangaza bei nzuri kwa mkulima, mimi hujiuliza: ni mkulima wa mwezi wa pili au wa mwezi wa sita?

Kwa asiyetujua, Ngoliba iko ukingoni mwa Kaunti ya Kiambu, mashariki ya Thika, ukifuata barabara ya Garissa. Ukitaja Kiambu watu huwaza majani chai ya Limuru, kahawa ya Gatundu na maziwa ya Githunguri. Huku kwetu ni joto, udongo mweusi unaopasuka kiangazi, Kilima Mbogo kikituangalia, na ng'ambo ya mto ni Machakos. Mashamba ni vipande: ekari mbili, ekari moja, robo. Tunapanda mahindi, maharagwe, pojo na mbaazi. Walio karibu na maji wana nyanya na sukuma wiki. Ukienda Thika utapita mananasi ya Del Monte, safu kwa safu hadi macho yachoke. Hayo hayamo katika habari hii.

Ruzuku ni pesa ya kodi inayotiwa ndani ya bei. Inaweza kutiwa mwanzoni, mkulima anaponunua mbolea. Inaweza kutiwa wakati wa kuuza, serikali inaponunua mahindi kwa bei inayoipita ya soko. Au inatiwa mwishoni kabisa, mtu anaponunua unga dukani. Kenya imejaribu zote tatu na sisi tumeziona zote tatu, ingawa nyingine tumeziona kwa mbali, kama gari la harusi linalopita barabara kuu.

Nianze na ile ya kuuza, maana ndiyo yenye kelele. Oktoba 2023 serikali ilitangaza kwamba Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, itanunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Siku chache baadaye watu walikuwa wakiitaja bei hiyo hapa kinuni kana kwamba imebandikwa mlangoni. Mzee mmoja jirani yangu alimfukuza broka shambani. Alimwambia, "Kijana, hujasikia rais? Elfu nne au uende." Kijana akaenda. Mahindi ya mzee wakati huo yalikuwa bado mbegu, lakini msimamo ulikuwa umeshawekwa.

Sasa tufanye hesabu ya gorogoro. Gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili na kidogo, na gunia la kilo 90 hutoa gorogoro arobaini na kitu. Ukigawa 4,000 kwa hizo, kila gorogoro imeshakula karibu shilingi mia moja kabla hujalipa lori, mbebaji na ushuru wa kaunti, na kabla mimi sijapata senti ya kununulia mkanda wa mashine. Kwa hiyo bei inayomfurahisha mwenye magunia mia mbili Trans Nzoia ndiyo inayomfanya mama wa Ngoliba aombe gorogoro moja badala ya mbili mwezi wa sita. Bei ni hiyohiyo moja, ila inasomwa kutoka ncha zake mbili.

Si mawazo yangu pekee. Watafiti wa Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton, pamoja na wenzao wa Marekani, walipima athari za NCPB sokoni na kukuta kwamba kati ya 1995 na 2004 ununuzi wake ulipandisha bei ya mahindi nchini kwa takriban asilimia 20. Ni kweli pia kwamba ulipunguza kuyumba kwa bei, na hilo si jambo dogo. Lakini tafiti za taasisi hiyo zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba familia nyingi za mashambani hununua mahindi kuliko zinavyouza, na kwamba sehemu kubwa ya mahindi yanayofika sokoni hutoka kwa wakulima wachache wenye mashamba makubwa. Ukipandisha bei kwa jina la mkulima, wengi wa wakulima ndio wanaolipa.

Na je, sisi wenye magunia manne hatuwezi kupeleka NCPB? Mlango uko wazi. Bohari iko Thika. Lakini jaribu kuingia.

Kwanza mahindi yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Pale langoni mtu ana chuma chembamba chenye mfereji; anakichomeka ubavuni mwa gunia, anachota punje za katikati, zile ambazo hukuziona ulipokuwa ukianika. Anazimimina kwenye kipima unyevu na namba inatokea. Ikisema 15, safari imeishia hapo, ama ulipie kukaushiwa. Kisha wanatazama punje zilizovunjika, zilizooza, zilizobadilika rangi, na takataka. Kisha mzani. Kisha, kama wanapokea, wanaandika jina lako na unasubiri pesa. Broka hana chuma wala kipima. Anang'ata punje moja, anasema bado mbichi, anakata bei, halafu anakuhesabia noti mkononi. Mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hahitaji kuelezwa tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa redioni, nalo ni kalenda. NCPB hufungua milango na serikali hutangaza bei kuanzia Oktoba hivi, kwa sababu ndipo Trans Nzoia na Uasin Gishu wanavuna. Wao wana msimu mmoja mrefu. Sisi tuna miwili mifupi: mvua ya njahi inayoanza mwezi wa tatu, na ya mwere inayoanza Oktoba, ambayo huku ukameni ndiyo ya kutegemewa zaidi. Bei inapotangazwa, sisi ndiyo kwanza tunapanda. Tunapovuna, kati ya Januari na Machi, bajeti ya kununulia mara nyingi imekwisha au imebaki mabaki. Ile bei ya 4,000 ilikuwa ya kweli. Ilikuwa tu ya mwezi ambao sisi hatuna mahindi.

Wakati mwingine hata wenye mahindi huachwa. Mwaka 2018 nchi nzima ilisikia kashfa ya NCPB: wafanyabiashara walipeleka mahindi yaliyonunuliwa kwingine kwa bei ya chini, wakalipwa mabilioni, huku wakulima wa Bonde la Ufa wakikesha wakidai malipo yao. Ilipaswa kutarajiwa. Serikali ikiweka bei juu ya ile ya soko, tofauti hiyo humwita mwenye lori, si mwenye debe. Mwenye lori ana simu za watu, ana mtaji, na anaweza kusubiri langoni wiki nzima.

Nimesema habari ya ukavu wa mahindi na inanilazimu kuikalia kidogo, maana huku kwetu si suala la bei tu. Mwaka 2004 watu walianza kuugua manjano, matumbo yakivimba, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, yaani maeneo makavu kama haya yetu. Ilikuwa sumukuvu, au aflatoksini kama wengi wanavyoiita, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 walikufa. Ni miongoni mwa milipuko mibaya zaidi ya sumu hiyo iliyowahi kurekodiwa duniani. Sumu hiyo haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika. Ugali wake unaweza kuwa mweupe na mzuri mezani.

Tangu nilipofahamu hayo, mteja akileta mahindi yenye harufu ya kuvunda simsagii, hata akinuna. Na kwa wasio na kipima, ambao ni karibu sote, kuna njia ya chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi robo hivi, ongeza chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, funga, tikisa kwa nguvu dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi, rudisha juani. Ikishuka yote chini bila kushika, yamekauka kiasi cha kuhifadhiwa. Haitakupa namba ya NCPB, lakini itakuzuia kufunga sumu ndani ya gunia. Na uanike juu ya turubai, si juu ya udongo.

Mwaka 2023 serikali ilinunua mashine 100 za kuhamishika za kukaushia nafaka. Kwangu mimi hiyo ni ruzuku yenye akili kuliko elfu moja iliyoongezwa juu ya gunia, maana mahindi makavu yanaweza kungoja bei, na mahindi mabichi hayawezi kungoja chochote. Tatizo ni kwamba mashine nyingi zinakaa kwenye bohari, na magunia manne hayawezi kulipia nauli ya kwenda kukauka. Mashine inayoweza kuhamishwa ingehama basi, ije Ngoliba wiki mbili za Februari.

Habari hii ya serikali kuweka bei ina umri mrefu. Mwaka 1942, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni iliweka udhibiti wa mahindi. Masetla walihakikishiwa bei, na hata kiasi fulani cha pesa kwa kila ekari mazao yakiharibika. Mwafrika aliuza chini ya udhibiti huohuo, lakini gunia lake lililipwa pungufu ya la Mzungu. Mwaka uliofuata kukawa na njaa ambayo wazee wa Kikuyu wanaiita Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo, kwa kuwa mihogo ndiyo watu walioikimbilia. Baada ya uhuru bodi za nafaka ziliunganishwa na kubadilishwa majina hadi ikapatikana NCPB hii, ambayo sheria yake ni ya 1985. Kwa miaka mingi hukuweza kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, isipokuwa magunia machache, na vizuizi vya polisi vilikuwa biashara kamili. Mwishoni mwa 1993, kwa kusukumwa na wafadhili, biashara ya mahindi ikafunguliwa. Mimi ni mtoto wa ufunguzi huo. Bila huo nisingekuwa na gorogoro ya Kitale ya kumuuzia mtu. Lakini bodi haikufa. Ilibaki, ikawa inanunua kidogo kwa bei ya juu, zaidi siasa zinapopata joto.

Tuje kwenye mbolea. Hapa nitaisifu serikali, halafu nitaeleza.

Vita vya Ukraine vilipoanza, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000. Huku kwetu watu waliacha kuuliza bei. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alisema anaondoa ruzuku za ulaji, yaani za unga na mafuta, na kuhamishia nguvu kwenye uzalishaji. Mfuko wa mbolea ukashushwa hadi 3,500, na Agosti 2023 ukashuka tena hadi 2,500. Chifu na vijana wa kuandikisha walipita vijijini wakiuliza jina, kitambulisho, namba ya simu, ekari na zao. Habari hizo zikaingia kwenye mfumo wa serikali wa wakulima, KIAMIS. Msimu ukikaribia unapokea ujumbe unaokuambia una mifuko mingapi, unakwenda bohari na simu yako na kitambulisho, unalipa, unabeba.

Ni mpango mzuri kwa sababu umekata watu wa katikati, na kwa sababu unamfaidi hata anayenunua chakula: akivuna zaidi kwenye robo ekari yake, atakuja kwangu Juni akiwa amechelewa kwa wiki kadhaa, na mimi sitalalamika. Lakini sikiliza inavyokuwa. Shamba limeandikwa kwa jina la mzee, laini ya simu ni ya kijana wake aliye Ruiru kwenye mjengo, na anayelima ni mama. Ujumbe unaingia Ruiru. Kijana anaudharau akidhani ni matangazo. Mama anangoja. Mvua haimngoji.

Anayepata ujumbe naye ana safari ya Thika. Mfuko mmoja wa mbolea unakudai nauli yako kwenda na kurudi, nauli ya mfuko, mbebaji pale bohari, na boda kutoka lami hadi nyumbani. Zile 2,500 zimenenepa. Kama mbolea aliyotaka haipo, na zipo tu za aina nyingine, ama anachukua iliyopo ama anarudi siku nyingine kwa nauli nyingine. Siku hizi vituo vimesogezwa karibu kupitia vyama vya ushirika na wauzaji walioteuliwa, na hilo limepunguza adha. Halijaimaliza.

Halafu ikaja Machi 2024. Waandishi wa habari walifichua kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa ruzuku ilikuwa na kitu ambacho si mbolea. Serikali ikakamata shehena, ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Wabunge walipiga kura Mei kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati teule iliyomchunguza ikasema tuhuma hazikuthibitishwa, akabaki, kisha Julai rais akavunja baraza lake la mawaziri naye akaondoka na wenzake. Hayo ni ya Nairobi. Hapa Ngoliba mambo yalikuwa madogo na ya kudumu zaidi. Mtu akiiweka mbolea kwenye shimo na mahindi yakatoka manjano, hana njia ya kujua kama ni mfuko, ni mvua, ni udongo, au ni jirani. Cucu mmoja, yaani bibi, mteja wangu wa miaka mingi, alirudia samadi ya mbuzi na hajaiacha. Nilimuuliza kama hataki tena ile ya 2,500. Akasema, "Mbuzi wangu namjua, mwanangu. Ule mfuko nililetewa na nani?"

Sikumbishia. Hata hivyo mbolea halisi ina faida, na samadi peke yake kwa ekari nzima ingehitaji mbuzi wengi kuliko alionao. Ninachomwambia, na ninachowaambia wanaonisikiliza, ni kwamba huku ukameni mbolea ni kamari unayocheza na mawingu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 maeneo makavu ya nchi hii yalikosa mvua misimu mitano mfululizo. Aliyetia mbolea alipoteza mahindi na mbolea. Ndiyo maana mtu wa Ngoliba anapanda mbegu zinazowahi kukomaa, Katumani za zamani au Duma ya dukani, na anatia mbolea kifuniko cha soda kwa shimo, si zaidi. Ruzuku inayomfikia mtu wa Kitale kama faida inamfikia wa hapa kama bahati nasibu iliyopunguzwa bei.

Ruzuku ya tatu ni ya unga, nayo naisema kwa uchungu wa biashara yangu. Mwaka 2017, uchaguzi ukikaribia, pakiti ya kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90. Julai 2022, uchaguzi ukikaribia tena, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza pakiti ishuke kutoka 205 hadi 100. Wiki chache baadaye ikaisha. Pesa zililipwa kwa wenye viwanda vikubwa vinavyopakia unga. Vinu vya vijijini kama changu havikuwamo. Lakini mtu maskini kabisa hanunui pakiti. Ananunua gorogoro na kusaga, au anasaga yake. Basi ruzuku ya njaa ikamruka mwenye njaa ikatua kwa anayeingia supamaketi, kama alibahatika kuikuta pakiti yenyewe, maana rafu zilikuwa tupu siku nyingi. Kwa wiki hizo wateja wangu walinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayeficha bei ya 100.

Kwa kulinganisha, wenye kahawa kule Gatundu wana mfuko wa serikali unaosimamiwa na kampuni ya kahawa ya New KPCU, ambao humpa mkulima malipo ya awali kwa kilo ya matunda aliyopeleka kiwandani, kisha kahawa ikiuzwa anakatwa. Huo haugusi bei ya soko hata kidogo. Unamnunulia mkulima muda. Mahindi yetu yangepewa kitu cha namna hiyo, yule mzee asingehitaji kumtukana broka Oktoba na kumbembeleza Februari.

Nchi tajiri zimetoa ruzuku kwa kiasi ambacho sisi hatuwezi kukifikiria. Ulaya ilianza sera yake ya pamoja ya kilimo mwaka 1962, ikanunua mazao kwa bei ya juu hadi maghala yakajaa siagi na nafaka isiyo na mlaji, kisha ikaiuza nje kwa ruzuku na kuwaumiza wakulima wa kwingine. Kwa bahati ilikuwa Nairobi, Desemba 2015, ambako Shirika la Biashara Duniani lilikubaliana kuzifuta ruzuku za kuuza mazao nje. Malawi nayo ilianza ruzuku ya mbolea na mbegu mwaka 2005 wafadhili wakikunja uso, mavuno yakapanda, lakini bajeti ya kilimo ikamezwa na mbolea, barabara na utafiti vikakosa pesa. Tanzania imerudisha ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022/23, nayo inatumia usajili wa wakulima. Mahindi ya jirani yakilimwa kwa bei nafuu yatavuka mpaka tu, na bei yetu ya kutangazwa itabaki kushindana nayo hapa kinuni kwangu.

Kama ningeulizwa, bei itangazwe kabla ya kupanda, Februari na Septemba, mtu ajue anapandia nini. Kwa sisi wadogo, pesa za kupandisha bei ziende kwenye kukausha na kuhifadhi. Tangu 2019 kuna sheria ya stakabadhi za ghala: unaweka mahindi kwenye ghala lililothibitishwa, unapewa hati, unaweza kukopea hati hiyo na kuuza bei ikipanda. Sheria ni nzuri sana. Inachotaka ni mzigo, na mzigo unataka majirani waaminiane.

Hapo ndipo tulipo. Wachache wetu tumekuwa tukikutana Jumapili baada ya kanisa, nyuma ya kinu, kupanga tukusanye mavuno ya mwere tufikishe lori moja. Tumebishana juu ya magunia: ya kawaida au yale yenye mifuko ya ndani isiyopitisha hewa, ambayo ni ghali lakini fukuzi hufia humo. Tumebishana juu ya ghala. Mama mmoja alisema wazi kwamba hatachanganya mahindi yake na ya mtu anayeanika kando ya barabara, na wote tukageuka kumtazama mtu huyo, naye akatazama viatu vyake. Mwisho tulikubaliana kuchanga tununue kipima unyevu chetu wenyewe. Pesa zimefika zaidi ya nusu. Kitakaa nyumbani kwa nani, hilo tumeliahirisha hadi Jumapili ijayo.